Hata Ikiwa Imezimwa

Ngurumo ya kwanza ilipolia upande wa Itaka, Roda alikuwa ameshachomoa jokofu, televisheni, chaja mbili za simu, na pasi ambayo haikuwa imechomekwa tangu Jumapili. Hiyo pasi aliigusa waya tu, kujiridhisha. Kisha akakifunika kioo cha ukutani kwa khanga, kama mama yake alivyokuwa akifanya, akapaza sauti kuelekea chumba cha uani.

"Atu! Chomoa hilo dude lako!"

"Nimeshachomoa, mama."

"Nionyeshe."

Binti yake Atuganile, mwanamke wa miaka ishirini na minane, mwenye banda lake la kutengeneza redio na sabufa pale Tunduma, akanyanyua plagi juu kwa mkia wake kama mtu anayeonyesha panya aliyemuua. "Hii hapa. Uridhike."

Watu wa Nanyala walimtania sana Roda kwa tabia hiyo. Jirani yake Dina alisema Mama Atu akipewa ngazi ndefu atauchomoa hata mwezi. Dina alikuwa mgeni wa juzijuzi, hakujua. Waliojua hawakucheka, maana Roda alikuwa mjane wa umeme.

Dude lenyewe lilianza mwezi wa kwanza likiwa trei ya kuokea mikate. Trei ikageuzwa kifudifudi, ikatobolewa matundu, ikawa mgongo. Transfoma kubwa ya kuingizia umeme, nzito kama jiwe la kusagia, ilitoka kwenye redio kuukuu ya misheni. Taa zake, zile chupa ndogo za kioo ambazo mafundi wa zamani waliziita valvu, Atuganile alizichimbua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa mwanamke muuza vyuma chakavu. Alimwita mayo, yaani mama kwa lugha ya kule, naye mayo akamwongezea taa moja ya bure kwa kuwa hajawahi kuona msichana akinusa vyuma namna ile. Vifundo vya kupandishia sauti vilitoka kwenye jiko la umeme lililokufa. Sanduku lilikuwa la mbao za kitanda, na kitanda kilikuwa kile alichozaliwia Atuganile mwenyewe. Usoni, kuifunika spika, alivuta gunia la kahawa lililofuliwa mara tatu na bado likanuka kahawa.

Kilikosekana kitu kimoja. Transfoma ndogo, ya kutolea sauti, ile inayokaa kati ya taa na spika.

"Bila hiyo, mama, hili ni jiko tu lenye taa."

"Basi pikia maharage."

"Kuna mzee mmoja anayo. Ananipima kwanza."

"Anakupima nini?"

"Kama nina akili ya kutosha kupewa."

Roda hakuuliza ni mzee gani. Alikuwa na woga wa kutosha bila kuongeza mwingine. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hata kwenye maombi alilipita haraka haraka: alitaka dude lile likamilike. Alitaka kuisikia sauti ile tena kabla hajafa.

Maana kijana wa leo akikwambia muziki, anakuletea sabufa inayotikisa vikombe kabatini. Muziki wa Boazi ulikuwa na joto. Boazi, mume wake, mkulima wa kahawa kama baba yake na babu yake, alikuwa na gita moja jekundu na amplifaya ya taa aliyoinunua Nakonde kwa bendi ya Wazambia waliokuwa wanavunja kundi. Msimu wa kahawa ukiisha, mashine za kumenyea zikinyamaza, vumbi la uwanja wa kijiji chao kule juu ya Itaka linamwagiwa maji, jenereta inawashwa nyuma ya nyumba. Halafu watu wanangoja. Hilo ndilo Roda alilolikumbuka kuliko nyimbo zenyewe, kule kungoja. Amplifaya haikuimba papo hapo. Taa zilianza kuwa nyekundu kwa chini kama makaa yanayopulizwa, vumbi lililolala juu ya vioo likaungua kidogo likatoa harufu tamu, na vijana wakapiga kelele, "Boazi, twende!" Naye anatikisa kichwa. "Iacheni ipashe koo."

Roda akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, amesimama mstari wa mbele na viatu vya dada yake, aliipenda amplifaya kabla ya kumpenda mwenyewe. Boazi alimtania hivyo hadi mwisho. "Mke wangu aliolewa na sanduku, mimi nilikuja kama spea."

Upande wa kushoto wa Boazi alisimama Efraimu na gita la besi. Mnamwanga wa Ndalambo, aliyekuja Itaka kuvuna kahawa ya watu akabaki, akapanda ya kwake. Mtu wa maneno machache, vidole vyeusi kwa moshi wa kuchomelea nyaya kwa risasi, kwa sababu ndiye aliyekuwa fundi wa kundi. Kamba ikikatika ni Efraimu, jenereta ikigoma ni Efraimu. Siku za mazoezi, wakipiga wameketi, Atuganile mdogo alikuwa akilala ameegemea paja lake wimbo ukiendelea.

Miaka ishirini sasa. Juma moja kabla ya harusi ya mtu, amplifaya ilianza kukoroma. Efraimu akaifungua, akabadilisha vitu ndani, ikatulia. Siku mbili baadaye akakutana na Roda kwenye njia ya kwenda mtoni, yeye ana jembe begani, Roda ana ndoo.

"Shemeji," alisema, "mwambie Boazi, ile mashine ikisumbua tena, hata ikiwa imezimwa, asiiguse ndani mpaka nije mimi."

Roda akacheka. "Useme tu unataka kuitwa uchinjiwe kuku."

"Kuku nitakula. Lakini mwambie."

Roda akaitikia. Akajaza ndoo yake, akakuta mtoto ameunguza uji, akakumbuka hili akasahau lile. Na tuseme kweli, hakusahau tu. Alidharau. Aliona ni majivuno ya fundi anayetaka kazi yake isiguswe na wengine.

Jumamosi, katikati ya wimbo, sauti ikakatika na taa zote zikafa kwa mkupuo. Boazi akaita, "Zimeni jenereta!" Efraimu akakimbilia nyuma ya nyumba, akaizima. Roda mwenyewe ndiye aliyechomoa plagi, akaishika mkononi, akamwonyesha. "Tayari, baba Atu." Boazi akafungua kifuniko, mkono mmoja ameegemea chuma, mwingine akauingiza ndani na bisibisi.

Hakupiga kelele. Alirushwa kama mtu aliyepigwa teke na punda, akaanguka chali juu ya vumbi lililomwagiwa maji, asiamke tena. Plagi bado ilikuwa mkononi mwa mkewe.

Sasa fikiri mwenyewe. Jenereta imezimwa, kijiji hakina nguzo hata moja ya umeme, plagi iko mkononi mwa Roda, na mtu amekufa kwa umeme. Umeme wa wapi? Wazee walikaa baada ya matanga, mwenyekiti wao mzee Yonasi, wakauliza kila mtu anajua nini. Roda, macho yamevimba, akasimama. Akasema maneno ya njiani. Hata ikiwa imezimwa, asiiguse ndani.

Yonasi akaweka fimbo chini. "Alijuaje?"

Efraimu alijaribu kueleza habari za umeme unaokaa ndani kama maji mtungini, na kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kusogeza viti mbali naye. Hawakumpiga. Walimwachia salamu zake mwenyewe, bila kuziitikia. Kanisani benchi lake likabaki na yeye na mkewe tu, na asubuhi moja miche yake ya kahawa ikakutwa imekatwa yote, mia na kitu, imelala kifudifudi. Akafunga mizigo akarudi Ndalambo. Amplifaya wakaifukia shimoni, wakaiombea. Roda akachukua gita jekundu akahamia Nanyala, kando ya barabara kuu, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kuchomoa.

Mvua ile ya sasa ilishuka kwa hasira, bati likawa ngoma. Roda alikwenda uani kuhakikisha plagi kwa macho yake. Ilikuwa juu ya stuli, mbali na ukuta. Akapumua. Dude lilikuwa mezani, tumbo wazi juu, waya za rangi rangi zimelala ndani yake kama utumbo wa kuku. Atuganile alikuwa amempa mgongo, anatafuta ndoo ya kukinga mahali panapovuja.

Tone likaanguka pembeni ya trei. La pili likaanguka ndani.

Mama ni mama. Roda alivua kitambaa cha kichwani, akaegemeza mkono wa kushoto kwenye ukingo wa trei, akanyoosha wa kulia apanguse.

"Mama! Usiguse!"

Mkono ulisimama hewani. "Si imechomolewa? Plagi ile pale."

"Toa mikono! Yote miwili! Rudi nyuma!" Atuganile alikuwa ameangusha ndoo, uso umekuwa wa majivu. "Hata ikiwa imezimwa, mama! Hata ikiwa imezimwa, usiiguse ndani mpaka nije mimi!"

Roda alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango. Mvua ilikuwa kubwa, lakini maneno yale aliyasikia mawili mawili, moja la sasa na moja la njia ya mtoni.

"Rudia ulichosema."

"Subiri kwanza." Atuganile aliuondoa ukutani waya uliokuwa umening'inizwa kwenye msumari, waya wenye vibanio viwili na kipande kama punje ya mhindi katikati. Alitazama uso wa mama yake, akaurudisha waya kwenye msumari, akachukua bisibisi yenye mpini mrefu wa plastiki. Mkono mmoja akauweka nyuma kiunoni. "Siku zote natumia ule waya, unaumaliza polepole umeme uliobaki ndani. Hivi ninavyofanya leo hakufai, usije ukamruhusu mtu. Ila wewe usipoona hutaamini. Tazama plagi iko wapi."

"Naiona."

"Tazama sasa hapa."

Pa! Cheche ya buluu, kali kama fimbo kavu inayovunjwa sikioni. Ncha ya bisibisi ikabaki na doa jeusi. Plagi ilikuwa imelala pale pale juu ya stuli, haina habari.

Roda alikaa chini, sakafuni, penye maji.

"Umeme unakaa ndani ya hivi vikopo," Atuganile alisema, akichuchumaa mbele yake. "Vinaitwa kapasita. Mashine ikiwa nzima, taa zikiwa na moto, zinaunywa ule umeme hata ukishachomoa, unaisha. Lakini taa zikiwa hazifanyi kazi, hakuna wa kuunywa. Unabaki, unakungoja. Leo transfoma ya sauti haipo, kwa hiyo haunywewi. Ungeshika chuma kwa mkono huu na ndani kwa huu, ungepita hapa." Akagusa kifua cha mama yake.

"Siku ile taa zilikufa," Roda alisema. "Zote. Kwa mkupuo."

"Najua, mama."

"Nani amekufundisha yale maneno?"

Atuganile aliangalia bisibisi. "Nilijua siku ingefika. Yule mzee wangu wa transfoma. Anaishi Ndalambo. Ni mzee Efraimu, mama. Nilimtafuta mwenyewe mwaka jana. Siku ya kwanza hakuniambia habari za baba. Alinifundisha hayo maneno tu, akanitaka niyarudie mpaka nikachoka, ndipo akanipa kiti."

Mtu mwingine angepiga kelele. Roda alikunja kile kitambaa cha kichwa mara nne, akakikunjua, akakikunja tena. Miaka ishirini alikuwa akilala na jibu la swali la Yonasi. Alijuaje? Alijua kwa sababu alikuwa fundi. Basi. Alijua kama mkulima anavyojua mvua. Na ujumbe wake ungefika, Boazi angekuwa hai, ana mvi, anamtania mtu hapo nje.

Waliondoka alfajiri ya Alhamisi, mama na binti, na kuku jogoo ndani ya kikapu.

Efraimu aliwapokea uani kwake, amezungukwa na redio za watu zilizofunguliwa. Vidole vilikuwa vyeusi vile vile. Mkewe alikuwa ameshafariki. Alimtazama jogoo, akamtazama Roda. Roda alipiga magoti kwenye vumbi.

"Shemeji," Efraimu alisema, "nina swali moja. Nimekaa nalo tangu siku ile. Ulimwambia?"

Atuganile aligeuka kumtazama mama yake. Hilo hakulijua, hakuna aliyelijua. Kwenye kikao kile hakuna aliyeuliza kama ujumbe ulifika.

"Sikumwambia," Roda alisema.

Mzee alifumba macho. Aliyafumba kama mtu anayetua mzigo, akaona mabega bado yanauma.

"Nilidhani alinidharau," alisema. "Miaka yote, nilidhani rafiki yangu alisikia akanidharau."

"Nisamehe, shemeji."

"Hapana." Hakupandisha sauti. "Usiniombe hapa, mimi na wewe na kuku. Mbele za watu ulinilaza. Ukaniinue mbele za watu. Ukitoka huko ndipo tuongee habari za jogoo."

Jumapili iliyofuata, kule juu ya Itaka, baada ya matangazo, Roda alisimama kanisani alikobatiziwa mwanawe. Atuganile alitaka kumshika mkono, akamkatalia. Alisimulia njia ya mtoni, ndoo, kicheko chake. Alisimulia cheche. Alisema, "Efraimu hakumroga mtu. Alimwonya, na onyo alinipa mimi nilipeleke, nikalitia mfukoni. Kisha nikalitoa siku ya kikao, nikamchapa nalo mwenyewe."

Mzee Yonasi, mzee sana sasa, sikio moja limezibika, aliinua mkono kutoka benchi la mbele. "Mama Atu, keti. Ni ya zamani. Yamepita."

"Hayajapita, baba. Yako Ndalambo, yanatengeneza redio. Hata mkewe alikufa bila kupewa mkono na mtu wa hapa."

Yonasi alibaki na mkono hewani. Akaushusha, akautazama, kama anaukumbuka ulikokuwa siku ile fimbo ilipowekwa chini. Nyuma kabisa mwanamume mmoja wa makamo alianza kulia kwa sauti, na wote walielewa kuwa ndiye aliyekata miche.

Efraimu hakukanyaga Itaka. Alisema miguu yake haijasamehe, yeye anaifuata nyuma. Lakini Nanyala alifika, wiki mbili baadaye, saa tisa mchana, na kitu kizito kimefungwa kwenye shati kuukuu. Alikichomelea mwenyewe, Atuganile akimshikia taa ya simu. Dina naye alikuja, pamoja na kiti chake, kwa kuwa hakuna jambo la Nanyala lililowahi kumkuta Dina amesimama.

Plagi ikaingia ukutani. Aliyeiingiza ni Roda.

Kimya. Dina akasema, "Mbona haliimbi? Limekufa?"

"Iache ipashe koo," Efraimu alisema.

Roda aligeukia ukuta. Wekundu ulianza chini ya vioo, polepole, na ile harufu ya vumbi linaloungua ikampitia puani ikamshukia hadi miguuni, kwenye viatu vya dada yake. Atuganile alilishika gita jekundu. Hakuwa mpigaji, vidole vyake ni vya nyaya. Alikosea mara mbili mwanzo wa wimbo wa baba yake. Lori la kwenda mpakani likapita likiunguruma, likameza robo ya wimbo. Haidhuru. Sauti ilikuwa yenyewe, nene, yenye mkwaruzo kidogo kama ya mtu aliyetoka usingizini. Ilitoka kwenye mbao za kitanda chake na ikapita katika gunia la kahawa. Efraimu alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vya mkono wa kushoto vikitembea peke yake juu ya goti, vikipiga besi isiyokuwepo.

Walipomaliza, Roda alichomoa, akaiweka plagi juu ya stuli ambapo kila mtu aliiona. Atuganile akafungua mgongo wa sanduku ili mzee akague kazi. Dina akasogea na kidole mbele.

"Kumbe vioo vyenyewe vidogo hivi? Hebu..."

Roda alimdaka kifundo cha mkono, akakibana hadi Dina akaguta.

"We Mama Atu! Unaniumiza! Si umechomoa mwenyewe, nimekuona?"

"Nimechomoa," Roda alisema, bila kumwachia. Kwa mkono wa pili aliutoa waya kwenye msumari, akampa Efraimu. "Hata ikiwa imezimwa, Dina. Hata ikiwa imezimwa, huigusi ndani mpaka fundi aseme. Rudia."

"Nirudie nini?"

"Rudia, ndipo nikuachie."